Viatu Mlangoni

Wageni huja Skelbeck kumtafuta Bibi Mweupe.
Yumo kwenye kibao cha nje, yumo kwenye vikombe,
yumo hata kwenye vitambaa vya kufutia vyombo.
Saa tano usiku Bwana Ormerod huwapandisha ngazi,
huzima taa, hukohoa kidogo, husema:
hapa ndipo alipojinyonga.

Hakujinyonga mtu.
Bibi Mweupe alizaliwa mwaka wa hamsini na mbili,
babake Ormerod akiwa na deni la bia
na vyumba kumi na vinne vitupu.
Shuka moja, mshumaa mmoja, mwandishi wa gazeti mmoja mlevi.
Njaa haina miiko. Sote tumekula kwa jina lake.

Mimi natandika vitanda humu, huu mwaka wa ishirini na sita.
Najua ubao upi hulia kwa baridi
na upi hulia tu.

Zamani, sufu ilipokuwa ndiyo fedha ya milima hii,
magari ya farasi wanne yaliingia uani yakifuka mvuke:
wachuuzi, mahakimu, kasisi mwenye jongo.
Kila mmoja aliacha viatu nje ya mlango wake
na alfajiri akavikuta vinang'aa, asiulize.
Kisha reli ikapita bonde la pili.
Majani yakaota uani.
Farasi wa mwisho akauzwa kwa mchinjaji.

Bi Postlethwaite wa maktaba ndiye aliyenifunulia daftari,
jalada limeliwa na panya, wino umekuwa rangi ya chai:
*Februari 1838. Theluji. Mgeni wa namba saba anaumwa kifua.
Obadia wa viatu katumwa kumwita daktari.
Mgeni amepona, ameondoka.
Viatu, jozi moja: peni moja, haijalipwa.*
Ukurasa unaofuata ni bei ya shayiri.
Tulipekua kitabu cha kanisa, tukapangusa mawe ya makaburi.
Obadia hayumo.
Miaka tisa? Kumi? Nani alimhesabia?
Theluji haiandiki risiti.

Basi kila Februari, mgeni akisahau viatu nje ya namba saba,
asubuhi hushuka kanuna: nani kagusa viatu vyangu?
Vimepakwa rangi hadi chini ya kisigino,
kamba zimefungwa fundo la kitoto, mara mbili,
zisije zikafunguka njiani.
Ukumbi mzima hunuka nta na sufu iliyolowa.
Nilimwambia Ormerod. Alicheka hadi akashika mbavu:
"Winnie, viatu safi vitamtisha nani?"

Mwaka jana, baada ya kumzika Dermot wangu,
nilikuja na mabuti yake ya machimboni.
Yalikuwa yamekaa nyuma ya mlango miezi mitatu
na tope lake la mwisho; mkono wangu ulikataa.
Nikayaweka mbele ya namba saba.
Ndani ya buti la kushoto nikatia peni ya shaba, ya enzi zile,
niliyoipata kwa muuza vikorokoro, nyeusi tii.
Nikanong'ona kama mtu anayemaliza deni dukani:
Obadia, hii ya yule mgonjwa.
Nikashuka. Chai ikapoa mkononi.
Sikusikia hatua, wala bawaba.
Nilisikia brashi. Shwa. Shwa. Shwa.
Ikatulia. Ikaanza tena.

Kulipokucha, mabuti ya Dermot yalikuwa meusi
kuliko hata siku ile tuliyooana.
Tope lake halikutupwa: lilirundikwa pembeni,
chembe kwa chembe, juu ya kipande cha gazeti.
Na peni ilikuwa bado mlemle, buti la kushoto.
Imesuguliwa, imesuguliwa,
hadi uso wa mfalme umerudi, pua na kila unywele.
Mtoto wa watu.
Alidhani nayo ameachiwa aisafishe.